Beringi za plastiki kwenye mashine zinazooshwa na maji ya moto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hapa tunaongelea mashine za viwanda vya maziwa, juisi, soda, samaki, machinjio, yaani popote ambapo zamu ikiisha mtu anashika mpira wa maji ya moto na povu la kostiki (soda kali, ni alkali), au mfumo wenyewe unajiosha kwa CIP, yaani maji na dawa vinazungushwa ndani ya mabomba na matangi bila kuyafungua. Oveni ya mikate haimo humu, lile ni joto kavu na plastiki zake ni zingine.

Kwani beringi za chuma zina shida gani?

Pakavu hazina shida yoyote. Kwenye konveya ya chupa sasa, kila siku maji ya digrii 70 au 80 yanapiga pale pale kwenye sili, grisi inatoka kidogo kidogo, maji yanaingia mahali grisi ilipokuwa, mashine inazimwa usiku na asubuhi gololi zimeshaanza kutu. Na ile grisi iliyotoka imeenda kwenye mkanda au kwenye bidhaa, hapo ndo meneja wa ubora anakuja mbio. Stenlesi inasaidia kwenye kutu lakini haizuii grisi kuoshwa. Bushi ya plastiki, yaani beringi ya mkono tu isiyo na gololi, ikichaguliwa vizuri inaenda bila grisi, haishiki kutu, na ikiisha mara nyingi inaisha yenyewe shafti inabaki salama.

Karatasi ya muuzaji inasema nailoni inavumilia digrii 100, mbona yangu imekwama kwa maji ya 80 tu?

Hili ndo swali lenyewe hasa, mengine yote yanazunguka hapa. Ile digrii 100 kwenye karatasi ni ya hewa kavu. Wewe hauna hewa kavu, una maji, kostiki, asidi, halafu na joto juu yake, na vitu hivyo vikikutana pamoja vinafanya kazi ambayo joto peke yake lisingeifanya.

Kwanza nailoni inakunywa maji. PA6, nailoni ya kawaida, ikilowa mpaka ishibe inabeba maji asilimia 6 mpaka 9 ya uzito wake kutegemea na aina, na kila kipimo chake kinavimba karibu asilimia 2 au zaidi. Ikiwa imefungwa ndani ya nyumba ya chuma, yaani kile kishikio kinachoibeba, haina pa kuvimbia isipokuwa kwenye tundu la katikati, kwa hiyo inaibana shafti. Bushi yako haikuyeyuka, imevimba tu.

Pili kuna hidrolisisi, yaani maji ya moto yanakata minyororo ya molekuli za plastiki yenyewe. Hii inaenda polepole kwenye maji matupu na inaenda kasi sana ukiweka asidi kwenye nailoni au kostiki kwenye poliesta. Ukiitoa bushi iliyokufa hivyo utaijua: nyeupe imegeuka njano mpaka kahawia, uso una nyufa ndogo ndogo zinazopitana, ukucha ukikwaruza unga unatoka, na ukiibana kwenye vaisi ukaigonga na nyundo inapasuka vipande vikavu. Nailoni mpya ukiigonga hivyo hivyo nyundo inaruka tu.

Kwa hiyo ukiongea na muuzaji usimuulize "inavumilia digrii ngapi?", muulize inavumilia maji ya digrii ngapi, yenye dawa gani, na kwa muda gani kila siku. Asipojibu, tafuta mwingine.

Sasa zipi zinafaa na zipi hazifai?

Niseme kwanza zile zinazowadanganya watu, maana hizo ndo hasara. Nailoni tumeshaisema. PET, plastiki ya chupa za maji, inapendwa sana kwa sababu karibu hainywi maji kabisa, vipimo vyake vimetulia, inakerezeka vizuri, watu wanaiweka wakidhani wamemaliza kazi, lakini ni poliesta, na poliesta kwenye maji yanayozidi digrii 60 au 70 siku baada ya siku inachoka, kwenye kostiki ya moto ndo usiseme. PBT ni ndugu yake, na nyumba nyingi za beringi za plastiki, zile nyeupe zenye miguu miwili unazofunga kwa bolti, zimetengenezwa na PBT, kwa hiyo beringi ya ndani inaweza kuwa stenlesi safi kabisa halafu nyumba ndo ikapasuka kwenye tundu la bolti. Polikaboneti ikikutana na dawa za alkali inapata nyufa. PVDF inasifiwa kwa kemikali, ni kweli kwa asidi, ila kostiki ya moto inaiharibu. Na poliimidi, ambayo bei yake itakufanya ukae chini kwanza, inavumilia joto kavu kuliko karibu zote lakini stimu inaivunja. Unaona sasa kwa nini namba ya joto peke yake haitoshi.

Zinazofaa zinategemea eneo. POM, wengine wanaiita asetali, ndo mkate wa kila siku kwa maeneo ya kuoshwa kwa nje, inaenda mpaka kwenye maji ya 80 au 85 bila wasiwasi, inashibia maji chini ya asilimia 1, inateleza vizuri. PE1000, polithini ya molekuli ndefu sana, ni tamu sana kwenye kemikali na bei nafuu ila laini, ikifika 80 inaanza kulegea na inatanuka kwa joto karibu mara mbili ya POM, mimi naiweka kwenye reli za kuongozea mnyororo na sio kwenye bushi yenye mzigo. PP, polipropilini, inastahimili kostiki ya moto lakini inalika haraka ikisuguana. Teflon, yaani PTFE, haijali kemikali yoyote utakayoipata kiwandani na joto mpaka 260, tatizo lake inakimbia mzigo, ukiikandamiza inatambaa polepole mpaka bushi inakuwa yai, ndo maana ile ya kutengenezea beringi inachanganywa na kaboni au grafaiti, hiyo ndo PTFE iliyojazwa. PPS iko vizuri kwenye maji ya moto. Na PEEK iko juu ya hizo zote kwa kazi hii.

POM zote ni sawa?

Hapana. Kuna homopolima, POM-H, na kopolima, POM-C. Delrin ni jina la biashara la homopolima. POM-H ina nguvu kidogo zaidi na inayeyuka karibu 175 wakati POM-C ni 165 hivi, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana imeshinda, lakini kwenye maji ya moto na kostiki POM-C ndo inadumu. Isitoshe fimbo nene za POM-H huwa na vitundu vidogo katikati, bakteria wanapata nyumba. Kwa kuoshwa kwa moto omba POM-C na uandike hivyo kwenye oda, ukiandika "Delrin nyeupe" utaletewa chochote.

Zote mbili hazipatani na asidi kali wala klorini nyingi. Marekani miaka ya 1980 viungio vya mabomba ya nyumbani vya asetali vilipasuka ovyo, klorini ya maji ya bomba ikiwa moja ya sababu, kesi, iliyohusu pia mabomba yenyewe ya polibutilini, ikaisha mwaka 1995 kwa makubaliano ya dola milioni 950. Na ile ilikuwa klorini ya maji ya kunywa tu. Kwa hiyo yule kijana wa usafi anayemimina klorini kwa jicho, bila kupima, anakumalizia bushi.

CIP yetu ni kostiki halafu asidi, niweke nini?

CIP ya maziwa ya kawaida ni kostiki asilimia 1 mpaka 2 kwenye digrii 75 mpaka 85, suuza, halafu asidi ya naitriki asilimia 1 hivi kwenye 60 na kitu, suuza, na mwisho maji ya moto au dawa ya kuua vijidudu kama asidi ya perasetiki. Plastiki inayoguswa na mlolongo wote huo inatakiwa ipite mitihani miwili iliyo kinyume. Nailoni inaanguka kwenye asidi, PET na PVDF zinaanguka kwenye kostiki, POM-C inapita kostiki vizuri kabisa halafu naitriki inaila pole pole. Zinabaki PEEK, PTFE iliyojazwa, PPS, na kama mzigo mdogo na joto halizidi 80 hata PE1000.

Lakini angalia kwanza kama beringi yako kweli inaguswa na CIP. Bushi ya ndani ya tangi inayoshika shafti ya mchanganyio, ndiyo. Bushi ya konveya iliyo nje inapata povu na maji tu, hiyo POM-C inatosha, usichome hela.

Na stimu ya digrii 121?

Hapo orodha inakuwa fupi. Stimu ya 121 ni presha ya bar 1 hivi juu ya hewa, na kila mzunguko unapiga plastiki kwa nusu saa au zaidi. PEEK inakaa hapo maelfu ya saa bila kulalamika, PTFE iliyojazwa inakaa, PPS inakaa. POM mara moja moja itapona, kila siku hapana. Kumbuka PEEK inabadilika tabia ikivuka 143, inakuwa laini kiasi na kutanuka zaidi, kwa hiyo kama mfumo wako unafika 140 hesabu ya nafasi ifanye kwa uangalifu.

Mtu ameuliza kuhusu maji yanayochemka, kwamba Nairobi maji yanachemka kwenye 94 hivi na Eldoret 93, je hiyo inampunguzia mzigo? Kwenye sufuria au tangi la wazi ndiyo, huwezi kupita hapo. Kwenye bomba lililofungwa hapana, boila ikiwa bar 3 kwenye geji stimu ni digrii 142 au 143 hivi uwe Mombasa au uwe mlimani.

Nafasi kati ya shafti na bushi niache kiasi gani?

Kaa hapa kidogo, maana bushi nyingi zinakwama kwa sababu ya hesabu hii kuliko kwa sababu ya plastiki mbaya.

Chukua shafti ya milimita 30, bushi ya POM yenye ukuta wa milimita 5, imesukumwa ndani ya nyumba ya chuma. Umeifunga asubuhi kwenye digrii 25, unaosha na 85, tofauti ni 60. POM inatanuka karibu mara 9 ya chuma cha kawaida. Kwa nje imezuiwa na chuma kwa hiyo inatanukia ndani, na tundu linafunga kama milimita 0.08 mpaka 0.1. Kama fundi mkereza alikuachia 0.05 kama vile anavyoachia bushi ya shaba, ndo hivyo, umekwama. Ingekuwa nailoni iliyoshiba maji weka 0.2 na ushee kwa ajili ya maji peke yake, kabla hata hujagusa joto.

Bado hujamaliza. Ukiisukuma bushi kwa presi ikiwa kubwa kwa 0.1 kuliko tundu la nyumba, karibu yote ile 0.1 inahamia kwenye tundu la ndani. Wengi wanapima bushi ikiwa mezani, wanaipiga ndani, hawapimi tena.

Kwa hiyo kwa mfano huu mimi ningeanza na nafasi ya baridi kama 0.25, ikipimwa baada ya kusukuma. Mwendesha mashine atasema ina mchezo, mwambie asubiri maji ya moto. Kama mashine haitaki mchezo huo, punguza ukuta: ukuta wa milimita 2 unafunga 0.03 tu hivi. Au pasua bushi kwa msumeno mkato wa mshazari, ikitanuka inaziba ule mkato badala ya kubana shafti. Na kwa urefu acha nafasi pia, bushi iliyobanwa pande zote mbili na vifuniko haina pa kwenda.

Bushi haijakwama ila sasa inazunguka pamoja na shafti ndani ya nyumba, kwa nini?

Ilipopata joto ilitaka kutanuka, chuma kikaizuia, plastiki ikajikandamiza ikatambaa kidogo ikakubali umbo dogo, halafu ilipopoa ikasinyaa kuanzia lile umbo dogo, sasa imelegea. Mizunguko michache tu ya kuosha inatosha. Usitegemee presi peke yake kuishika, weka bushi yenye kola na uifunge kwa skrubu ndogo ya stenlesi au pini. Gundi sahau, haishiki PE, PP wala PTFE.

Dukani wananiambia ni Teflon, nitajuaje?

Madukani kwetu kila fimbo nyeupe ni "nailoni" au "tefloni", inategemea muuzaji ameamkaje. Kata kipande kidogo ufanye hivi. Kwanza kwenye maji ya kawaida: ikielea ni PE au PP. Ikizama, chukua lita moja ya maji, koroga chumvi gramu 350 hivi mpaka iyeyuke, tumbukiza tena na ukung'ute mapovu ya hewa yaliyoshika kwenye kipande. Nailoni ina uzito wa 1.14 kwa hiyo inaelea kwenye chumvi hiyo, POM ni 1.41 inazama. PTFE ni 2.2, hiyo utaihisi mkononi tu kwa uzito, na ukiipitishia kidole inateleza kama imepakwa nta. PEEK ambayo haijapakwa rangi huwa na rangi ya chai ya maziwa, inazama.

Kuna wanaochoma na kunusa, nailoni inatoa harufu ya nywele zilizoungua, POM inatoa gesi ya fomaldehaidi inayopiga pua mpaka machozi. Chumvi inatosha jamani, na PTFE usiichome kabisa, moshi wake ni sumu.

Kuijua POM-C na POM-H kwa macho haiwezekani, hapo ni cheti cha kiwanda tu.

Beringi za gololi za plastiki nzima zipo, si afadhali hizo?

Zipo, ringi za POM na gololi za glasi au stenlesi 316, zinaenda bila grisi, maji yanapita ndani yakitoka, ni nzuri kwenye rola nyepesi za konveya. Lakini mzigo wake ni mdogo sana ukilinganisha na ya chuma ya saizi ile ile, na kasi pia, usiitoe beringi ya chuma ya saizi namba 6205 ukaweka 6205 ya plastiki eti zinalingana vipimo. Uliza na keji, ile fremu inayotenganisha gololi, imetengenezwa na nini, utakuta ringi POM halafu keji nailoni, sasa umenunua nini? Kwa joto la juu kuna za PEEK.

Nailoni yenye fiba ya glasi ni ngumu zaidi, niichukue?

Kwa bushi hapana. Glasi inakwaruza shafti ya stenlesi, na stenlesi ya kawaida ya 304 si ngumu. Fiba ya kaboni, grafaiti na PTFE ndo michanganyiko ya beringi. Uso wa shafti nao uwe nyororo, Ra (kipimo cha ukwaruzo wa uso) maikroni 0.2 mpaka 0.4, ukiacha alama za kukereza itafanya kazi ya tupa.

Mzigo na kasi napimaje?

Gawa mzigo kwa kipenyo mara urefu wa bushi, zidisha na kasi ya uso. Mfano niutani 300 kwenye bushi ya 30 kwa 30 ni MPa 0.33, shafti ikizunguka 100 kwa dakika ni mita 0.157 kwa sekunde, ukizidisha unapata 0.05. POM kavu huwa inapewa takriban 0.1 kwenye joto la chumba, kwa hiyo uko ndani, ila kama mashine inafanya kazi bado ikiwa ya moto kata hiyo namba nusu. Ukiona umebanwa ongeza urefu wa bushi, ni rahisi kuliko kubadili plastiki.

PEEK bei inatisha, kuna njia ya kukwepa?

Fimbo ya PEEK unaweza kulipa zaidi ya mara 10 ya POM, kwa hiyo usikereze kitu kinene. Tengeneza nyumba ya stenlesi, ndani weka mkono mwembamba wa PEEK wa milimita 2, na kama tulivyoona wembamba unakusaidia pia kwenye nafasi. Njia nyingine ambayo haipendezi wauzaji: hamisha beringi. Refusha shafti itoke nje ya eneo la kuosha, weka sili nzuri, beringi ya kawaida ikae pakavu. Mara nyingi ndo jibu sahihi kabisa na hakuna plastiki yoyote.

Muuzaji anasema ni IP69K, inatosha?

Hicho ni kipimo cha maji kuingia ndani ya kifaa: maji ya digrii 80, bar 80 mpaka 100, kwa umbali wa sentimita 10 mpaka 15, sekunde 30 kwa kila pembe. Sekunde 30. Hakisemi chochote kuhusu plastiki yenyewe baada ya mwaka wa kostiki.

Kwa chakula lazima iwe ya bluu?

Sio lazima, ila karibu hakuna chakula cha bluu, kipande kikikatika kinaonekana. Kuna na zile zenye unga wa chuma ndani zinazoshikwa na kigunduzi. Rangi sio ruhusa lakini, omba karatasi ya FDA (mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani) au ya kanuni ya Ulaya namba 10/2011 inayotaja aina hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo, maana rangi nayo ni kemikali.

Wakati wa kuosha shafti izunguke au isimame?

Kama ni CIP ndani ya tangi lililofungwa izunguke polepole bila mzigo, dawa ifike kote. Kama mtu anaosha kwa mpira wa mkono zima, funga swichi kwa kufuli, hakuna mjadala hapo. Kisha suuza na maji ya baridi na uipe muda kabla ya kuwasha na mzigo kamili, kwa sababu dakika mbaya kuliko zote kwa bushi ni ile inapokuwa bado ya moto, imetanuka, imekauka, na konveya imejaa makreti.

Fundi mkereza anasema vipimo vinabadilika akiitoa kwenye mashine.

Yuko sahihi. Plastiki ikikerezwa inapata joto, akipima hapo hapo anapata namba ya moto. Akereze ya kwanza aache milimita moja hivi, ailaze usiku, amalizie kesho kwa kisu chenye makali na apime ikiwa imepoa. Kabla hujaweka oda kubwa, chukua moja, pima kwa venia, ichemshe kwenye dawa yenu ile ile ya kuoshea kwa joto lenu lile lile kwa siku kadhaa, chombo kikiwa kimefunikwa na wewe umevaa glavu na miwani, halafu pima tena na uilinganishe na ambayo haikuchemshwa, kipenyo, rangi, na kama ukucha unatoa unga.